UZI: Kadi za sanamu za mashujaa, tujitengenezee nyumbani hapa Nairobi

Mwanzilishi wa uzi

Wadau, maswali ya kadi, ile kadibodi yenye picha ambayo sanamu hufungwa juu yake kwa plastiki dukani, yamekuwa yakirudi kila mara, mtu anajibiwa nusu kisha mazungumzo yanapotea. Nimeonelea tuyaweke pahali pamoja. Uzi ni mrefu, tafuta chai.

Sanamu zetu nyingi hapa mjini hutufikia zikiwa uchi. Ukiwahi soko la Gikomba au la Toi asubuhi marobota ya mitumba yanapofunguliwa, unapekua rundo la vinyago: askari hana bunduki, roboti hana mkono, na mara mojamoja unaibuka na sanamu nzima ya inchi 3.75, ukiigeuza mgongoni unasoma mwaka na jina la kampuni. Kadi yake ilichanwa na mtoto huko ng'ambo zamani na kutupwa. Kwa hiyo anayetaka kuitundika ukutani ikiwa kamili, kadi ataitengeneza mwenyewe.

Na kadi si takataka. Krismasi ya 1977 kampuni ya Kenner haikuwa na sanamu za Star Wars za kuuza, zilikuwa bado kiwandani. Ikauza bahasha yenye kadibodi ya kusimamishia na cheti cha kujaza, sanamu zenyewe zikaletwa kwa posta mwaka 1978. Watu walianza kumiliki kadibodi kabla ya sanamu! Na zilipoingia madukani, mgongo wa kadi za kwanza ulionyesha sanamu zote 12 za mwanzo. Mpaka leo wakusanyaji huzipambanua kadi hizo kwa hesabu ya picha za nyuma: kuna za 12, za 20, za 21 na kuendelea.

Sasa tuingie kazini. Neno langu kubwa katika uzi huu ni moja: anza na plastiki, picha baadaye. Karibu kila anayeanza hufungua kompyuta, anachora mandhari ya moto na radi kwa wiki nzima, halafu anatafuta plastiki ya kufunika sanamu. Plastiki ikipatikana inakuwa pana kuliko nafasi aliyoiacha, inaziba uso wa shujaa au jina lake. Kipimo cha plastiki ndicho kinachoamua jina likae wapi, picha ielekee upande gani, na tundu la kutundikia litobolewe wapi.

Plastiki mimi naitoa saiba, kwenye maduka ya kompyuta na kuchapisha. Zile kava angavu za A4 wanazoweka juu ya ripoti wakikufungia kwa spairo, ndizo hizo. Omba nzito, ya maikroni 200 au 250, ile laini inayopepea achana nayo. Unakunja kisanduku kisicho na mgongo. Kwa sanamu ya inchi 3.75, ambayo ni kama sentimita 9.5, vipimo hivi vinatosha na silaha yake ndani: uso milimita 45 kwa 110, kina milimita 25, na ukingo wa milimita 10 kuzunguka pande zote nne. Ukiutandaza mchoro huo unakuwa milimita 115 kwa 180, kwa hivyo kava moja ya A4 inatoa visanduku viwili ukivilaza kimoja juu ya kingine.

Mistari ya kukunja usiikate. Chukua kalamu ya bolipeni iliyoisha wino, rula ya chuma, upitishe ukikandamiza mara mbili tatu mpaka mfereji uonekane. Kisha kunja polepole ukifuata rula. Asubuhi za Julai na ile baridi yetu, plastiki hii huwa ngumu na hupasuka kwenye kona, basi ipashe kwanza kwa kiganja au kwa mashine ya kukaushia nywele kwa umbali. Kwenye kona acha vikono vya milimita 8 vya kugandishia upande mmoja kwa mwingine.

Nitaendelea na kadi yenyewe. Kabla ya hapo, maswali?

---

Kayole_Kwetu

Uzi mtamu mkubwa. Swali: hicho kisanduku unakigandisha kwa kadi na gundi gani? Mimi nimetumia supaglu, ikashika vizuri, lakini kesho yake plastiki ikawa na ukungu mweupe ndani.

---

Mwanzilishi wa uzi

@Kayole_Kwetu huo ukungu ni mvuke wa supaglu. Inapokauka hutoa mvuke unaoganda juu ya plastiki na kuacha weupe, na ukiwa umefunga sanamu ndani mvuke hauna pa kutokea. Wakati mwingine unakula hata rangi ya sanamu. Supaglu isikaribie kitu kilichofungwa.

Gundi nyingine zina matatizo yake. Zenye kemikali ya kuyeyusha hulainisha plastiki na kuiacha na mawimbi. Ile nyeupe ya maji ya watoto wa shule haishiki plastiki kabisa. Selotepu ya pande mbili inashika, lakini kumbuka inashika *wino*, haijashika karatasi. Kadi ikitundikwa miezi kadhaa uzito unaivuta, unakuta plastiki imebanduka na ngozi ya picha. Viwandani hawana shida hii kwa sababu kadi hupakwa utando maalum, plastiki ikabanwa juu yake kwa joto. Sisi hatuna mashine hiyo nyumbani.

Ndiyo maana mimi siigandishi plastiki kwenye kadi popote. Natumia kadi mbili na dirisha. Kadi ya mbele unaikata dirisha la milimita 46 kwa 111, yaani kubwa kidogo kuliko uso wa kisanduku. Unapenyeza kisanduku kutokea nyuma mpaka ule ukingo wa milimita 10 ukwame. Unaweka sanamu, unafunika na kadi ya nyuma, unagandisha kadi kwa kadi. Ukingo unabaki umebanwa katikati na hauna pa kwenda. Karatasi kwa karatasi hata gundi ya kawaida inaweza, na ukitazama mbele huoni tone wala utepe wowote, unaona plastiki imechomoza kwenye picha safi kama iliota hapo.

Angalia ukingo wa dirisha baada ya kukata. Utaona mstari mweupe wa karatasi unaozunguka plastiki, na jicho linauendea moja kwa moja. Chukua kalamu ya felti ya rangi ya mandhari yako, nyeusi mara nyingi inafaa, uilaze ubavu upitishe kwenye unene wa karatasi peke yake. Ni dakika mbili, lakini hapo ndipo kadi inaacha kuonekana kazi ya darasani. Fanya vivyo hivyo kwenye kingo za nje baada ya kuunganisha.

---

MamaWaWili

Shikamooni. Kijana wangu wa darasa la saba ndiye mkusanyaji, mimi ni msaidizi. Tumejaribu na karatasi ya manila, inajikunja kama samosa. Tununue gani? Na tuchapishe nyumbani au mjini?

---

Mwanzilishi wa uzi

Marahaba mama, na hongera kwa kumsaidia. Manila ni nyembamba, na uso wake unanyonya wino. Ombeni kadi ya kuchapia ya gramu 300, yenye upande uliolainishwa. Mbili zikigandishwa pamoja zinakuwa ngumu kama kadi ya dukani.

Kujikunja kuna sababu mbili. Ya kwanza ni maji: gundi ya maji inatanua karatasi upande mmoja, ikikauka inavuta. Tumieni gundi ya kupuliza au selotepu pana ya pande mbili, halafu ilazeni kadi chini ya vitabu vizito, ila kile kisanduku kisipondwe: wekeni vitabu pande zake. Ya pili ni nyuzi za karatasi. Kila karatasi ina upande inaokubali kukunjika na upande inaokataa. Ipindeni kidogo bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana, mtausikia mkononi upande ulio laini. Kadi ya mbele na ya nyuma nyuzi zake zielekee upande mmoja, la sivyo kila moja inavuta kwake.

Kuchapisha, nendeni mjini. Printa ya nyumbani ya wino wa maji, tone la chai likigusa picha imekwisha, na kadi ya gramu 300 nyingi haziwezi kuimeza. Mashine za dijitali za mjini hutumia wino wa unga unaoyeyushwa kwa joto.

---

Fundi_RiverRoad

Niongezee hapo kwa kuwa nachapa kila siku. Wateja wa kadi wanatuletea picha ya WhatsApp wanataka ing'ae. WhatsApp imeibana hiyo picha, haina kitu ndani. Tuletee PDF kwenye flashi au kwa imeli.

Kadi ya kawaida ya hizo sanamu ndogo ni inchi 6 kwa 9, milimita 152 kwa 229. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 1800 kwa 2700. Ongeza milimita 3 za ziada kila upande, ambazo ni pikseli 35 hivi, mandhari iingie humo ili kisu kikiyumba usione weupe. Maandishi nayo yakae ndani, milimita 5 angalau kutoka ukingoni.

Mbele na nyuma zikikaa ubavu kwa ubavu zinaingia kwenye karatasi moja ya A3. Usilipie karatasi mbili.

Na tafadhali, mkifika muwaambie fundi achape kwa asilimia 100. Kompyuta nyingi zimewekwa kupunguza picha itoshee ukurasa. Ikipunguzwa hata kidogo, dirisha lako halitaingia kisanduku, halafu lawama ni kwetu.

---

Mwanzilishi wa uzi

@Fundi_RiverRoad asante sana, umesema yote. Mimi huchora mstari wa milimita 100 kamili pembeni, nje ya kadi. Karatasi ikitoka mashineni naweka rula juu ya mstari kabla ya nakala nyingine kuchapwa. Hakuna ubishi hapo.

Juu ya rangi: ile kijani ya kumeremeta na samawati ya umeme mnayoiona kwenye skrini haipo katika wino wa rangi nne. Itatoka imefifia. Chora ukijua hivyo, ama utegemee nyekundu, njano na nyeusi ambazo hutoka na nguvu. Programu za bure zinatosha. Mchoro na picha fanyia GIMP, maandishi na nembo fanyia Inkscape, na ukitaka PDF yenye rangi za uchapaji zilizopangika vizuri malizia Scribus. Maandishi madogo ya nyuma yawe ya wino mweusi peke yake. Ukiyaacha yachanganye rangi nne, mashine ikihama kidogo tu herufi zinaota kivuli.

Lamineti ni hiari. Ukiweka, weka ya kung'aa au isiyong'aa upendavyo, lakini mbele na nyuma zote, kwa sababu upande mmoja ukivikwa mwingine ukaachwa kadi itapinda. Na lamineti iwekwe kabla ya kukata dirisha.

Kukata: kisu chenye wembe mpya, rula ya chuma, pitisha kidogokidogo mara nyingi. Anayelazimisha kwa mpito mmoja anachana karatasi kwenye kona. Anza kila kona ya dirisha ukienda katikati, usimalizie kwenye kona, hapo huwezi kupitiliza. Kona za nje zungushia sarafu uzifuate.

---

Kayole_Kwetu

Na tundu la juu? Zangu zote zinalala upande zikining'inia.

---

Mwanzilishi wa uzi

Kwa sababu sanamu iko upande mmoja na tundu liko katikati. Uzito uko kwenye sanamu, na uzito utajipanga chini ya msumari hata ufanyeje. Ama uweke kisanduku katikati ya kadi, ama usogeze tundu liwe juu ya sanamu, ama utoboe lile tundu pana lenye mabega linaloonekana kwenye pakiti za betri, likae kwenye kulabu bapa. Kabla ya kutoboa, bana kadi kwa kibanio cha nguo pale unapofikiria, uitundike uone inavyosimama. Unaona sasa kwa nini nasema plastiki kwanza?

---

Mzee_wa_Vinyago

Vijana, mmeeleza mbele vizuri lakini nyuma hamjagusa. Sisi tuliozaliwa zamani, nyuma ndipo tulipokuwa tunasoma. G.I. Joe za mwaka 1982 zilikuwa na kadi ya wasifu ya kukatwa na kutunzwa: jina la siri, alikozaliwa, utaalamu wake. Aliyeandika nyingi ya hizo ni Larry Hama, na watu walimpenda askari wa plastiki kwa sababu ya aya moja ya maneno. Nyie mnaandika nini nyuma?

---

Mwanzilishi wa uzi

Mzee wangu, shikamoo, na hapo umegusa moyo wa jambo. Wengi wetu tunanakili mgongo wa kadi ya Marekani neno kwa neno, na Kiingereza chake, wakati nafasi yote ile ni yetu.

Mimi sanamu zilizokosa jina, zile za sokoni ambazo hata kwenye mtandao huzipati, nazipaka rangi upya na kuzipa mashujaa wetu. Kuna mmoja, pande la mtu la kijivu, nimemfanya Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Wajaluo. Mbele kuna uwanda wa Kano jua likiwa linashuka, na kivuli chake nimekichora kirefu kinatoka chini ya kisanduku mpaka ukingo wa kadi, kwa sababu nguvu zake zilikuwa kivulini. Nyuma nimeandika hivi:

*JINA: Lwanda Magere. KWAO: Kano. MWILI: jiwe, mkuki hauingii. ADUI ALIJARIBU: vita, akashindwa, akatuma bibi arusi, akaweza. USIMGUSE: kivuli.*

Maneno machache tu, lakini watoto wa jirani wakiisoma wanageuza kadi tena kumtazama. Na vifaa vya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga wakoloni, navijua tayari: hana bunduki, ana ngoma ya kifudu na kiapo, na mwaka ni 1913. Fumo Liyongo atakuja na ile sindano ya shaba aliyouawa nayo na mwanawe ndani ya kisanduku, kipande cha waya kutoka maduka ya barabara ya Luthuli kitatosha, na huyo mwana aje kwenye kadi yake mwenyewe. Hawa hawana kampuni yenye hakimiliki ya kukuandikia barua. Ni wetu sote.

Andika kwa Kiswahili, Kijaluo, Kigiriama, lugha yoyote ya shujaa. Jipe maneno 60 hivi, herufi zisishuke chini ya pointi 7, na ukisharidhika umpe mtu mwingine asome kwa sauti kabla ya kuchapa.

---

Mzee_wa_Vinyago

Marahaba. Liyongo huyo nataka wa kwanza.

---

Kayole_Kwetu

Swali la pesa. Nikinakili kadi ya zamani ya Kenner sawasawa, niweke sanamu ya Toi ndani, si kuna watu ng'ambo watanunua bei nzuri?

---

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, usiifuate njia hiyo. Kujitengenezea kadi kwa ajili ya ukuta wako ni jambo moja. Kuuza nakala kama ya asili ni wizi kwa yule atakayeinunua, na Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na Sheria ya Kuzuia Bidhaa Bandia ya 2008, hazichezi. Ng'ambo kadi ya asili ambayo hata tundu lake la juu halijawahi kutobolewa huuzwa ghali sana, ndiyo maana matapeli wamejaa na wakusanyaji wazuri wameumizwa.

Ukitengeneza nakala ya zamani kwa mapenzi, andika NAKALA na mwaka uliyoichapa, ndani, upande wa kadi ya mbele unaogandishwa, na tena nyuma kwa herufi ndogo zinazosomeka. Kadi hubadilisha mikono. Wewe leo ni mwaminifu, atakayeirithi huenda asijue. Nembo za makampuni zitoe, weka yako.

Unataka kuuza? Uza Lwanda Magere. Peleka meza yako Naiccon, yale maonyesho ya vibonzo ya Nairobi, au soko lolote la wasanii, utaona.

---

MamaWaWili

Kijana anauliza: zake nyingine ni za inchi 6. Na kadi ya kwanza tuliyotundika dirishani imeanza kupauka.

---

Mwanzilishi wa uzi

Mama, mwambie ya inchi 6 ni kama sentimita 15, kwa hiyo kisanduku chake kiwe na uso wa milimita 75 kwa 170 na kina 40. Ukitandaza na ukingo wa 10 unapata 175 kwa 270, kinaingia A4 kimoja kwa taabu kidogo lakini kinaingia. Kwa hicho maikroni 250 au zaidi, sanamu ni nzito. Kadi nayo ipande kuwa milimita 200 kwa 280, mbele na nyuma bado mtazipata kwenye A3 moja, ila ziada ya ukingo itabidi iwe milimita 3 kamili, msiongeze. Na katikati ya kadi mbili wekeni kadibodi ya kijivu ya milimita 1, kama ile ya mgongo wa daftari kubwa, isije ikapinda.

Kupauka ni jua. Msiitundike inapopigwa na mwanga wa dirisha, na hata plastiki ya kava huwa ya njano na miaka kwa sababu nyingi ni PVC, jua linaiharakisha. Akipata shiti za PETG, plastiki angavu ya aina nyingine, azitumie kwa zile anazozipenda zaidi, hazigeuki njano upesi. Pia PVC isigusane muda mrefu na sanamu ya mpira laini, zikianza kunata haziachani. Aweke kipande chembamba cha karatasi nyuma ya mgongo wa sanamu na ahakikishe uso haugusi plastiki ya mbele.

Michoro ya visanduku vyote viwili, wa inchi 3.75 na wa inchi 6, nitaiweka hapa kwenye uzi jioni ikiwa PDF ya ukubwa halisi, na ule mstari wa milimita 100 pembeni. @Fundi_RiverRoad nipimie moja kwenye mashine yako kabla watu hawajaanza kuja.

---

Fundi_RiverRoad

Lete. Niko mpaka saa kumi na mbili.